Ngozi ya Mtoto wa Barwaqo

Nyinyi nyote mliopanda kigari changu tangu nirudi mmeniuliza swali moja kwa namna tofauti. Wenye adabu wamefungua dirisha kimyakimya. Wasio na adabu wameuliza kama nilibeba maiti. Nikiwaambia kwamba ni harufu ya safari ya mdomo wa mto Tana mnaangua kicheko, kwa hiyo leo nimekaa chini kuwaandikia yote, ili mkija dukani mnunue magodoro badala ya kunihoji. Jinsi nilivyofunga duka na nilivyomwomba mke wangu ruhusa hayo niachieni mwenyewe.

Garissa: gunia

Eedo Shamsa, dada yake marehemu baba, alishuka kwenye basi la Wajir akiwa na birika la kutawadhia, fimbo, na gunia lililofungwa kamba mara mbili. Kwetu shangazi na mtoto wa kaka yake huitana jina moja. Mimi namwita Eedo, naye ananiita Eedo, na mgeni akitusikia tukibishana hajui mkubwa ni nani. Kwa kawaida mkubwa huwa ni yeye.

Eedo ni mfugaji wa Tarbaj. Ukame uliopita ulimmalizia ngamia mmoja baada ya mwingine mpaka akabaki na jike mmoja wa maziwa, Barwaqo. Mwanawe Bare alimchukua huyo Barwaqo akashuka naye kusini pamoja na wafugaji wengine, Ijara kwanza, kisha mpaka pwani kabisa, kwenye hifadhi ile ambapo Tana inaingia baharini. Mvua iliponyesha Bare alirudi Ijara bila ngamia. Akamwambia mama yake kwa simu kwamba Barwaqo amekataa kuondoka. Eedo aliposikia hivyo alikata simu bila hata kumkaripia, na mnaomjua mtaelewa uzito wake.

Halafu picha ikaanza kuzunguka kwenye simu za wafugaji: ubavu wa ngamia, chapa inaonekana vizuri, na sauti ya mwanamume wa pwani akiuliza, "Huyu ni wa nani? Yuko huku kwenye mikoko yetu." Ilipita Masalani, ikapita Garissa, ikafika Wajir, na jioni moja mtu wa Tarbaj akampelekea Eedo simu mkononi. Eedo aliitambua chapa yake. Siku ya pili alikuwa ndani ya basi.

"Mtu mwenye ngamia mmoja bado ana mifugo," aliniambia tukinywa chai nyumbani kwangu. "Akimkosa huyo, ni mgeni kwa watu mpaka afe. Nitakula kwa mkono wa nani, Eedo? Wako?"

Nilisema karibu, mkono wangu upo. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

Basi tukapakia. Nilipoinua gunia, harufu ilinipiga nikalirudisha chini. "Kuna nini humu?"

"Mtoto wa Barwaqo."

Kwa nyinyi mliozaliwa mjini kama mimi nieleze kidogo. Ngamia akifiwa na ndama huzuia maziwa. Unaweza kumbembeleza mpaka jua lizame, hatoi tone. Kwa hiyo wafugaji humchuna yule ndama aliyekufa, huikausha ngozi, na kila wakati wa kukamua humletea mama ainuse. Akiinusa maziwa yanashuka. Ndama wa Barwaqo alikufa kule Tarbaj siku chache kabla Bare hajaondoka, na Bare kwa haraka zake akaisahau ngozi kwenye paa la nyumba. Sasa Eedo alikuwa ameibeba kutoka Tarbaj ili Barwaqo ainuse na maziwa yashuke tena. Niliiweka nyuma ya gari, nikafungua madirisha yote, nikamshukuru Mungu kwa upepo.

Njia ya Ijara: habari kwanza

Mvua ilikuwa imegeuza ardhi nyeusi kuwa uji. Kabla ya Masalani gari lilizama mpaka kwenye milango. Wachungaji waliokuwa na mbuzi wao karibu walikuja bila kuitwa, wakavua viatu, wakasukuma, na mmoja wao akalala kabisa kwenye tope ili aweke matawi chini ya gurudumu. Tulipotoka nilitaka kuwapa kitu. Walikataa. Walichotaka ni habari, na hapo ndipo tulipochelewa kweli. Eedo alikaa juu ya jiwe akawapa habari za Wajir: kisima kipi kina maji, nani kaolewa, nani kafa, bei ya ngamia, mvua ilianzia wapi. Wao wakatoa za kwao. Nilipotaja saa, Eedo alinikaripia kwa Kisomali mbele yao, na nikakaa.

Kwenye kizuizi kimoja askari alitaka vitambulisho, kisha akataka kuona gunia. Alilegeza kamba, akachungulia, akalifunga haraka kuliko alivyolifungua. "Endeni, endeni," alisema, amegeuza uso.

Ijara tulimkuta Bare. Ni kijana mpole, mkono wake wa kulia umepinda kwenye kiwiko. Ulivunjwa miaka ya nyuma kwenye ugomvi wa kisima huko Tarbaj, kati yetu na watu wa mzee mmoja aitwaye Gedi, ukaunga vibaya. Tangu siku hiyo hatusalimiani na watu wa Gedi, wala kwenye mazishi. Mkumbuke jina hilo.

Bare alitupa mikate myembamba ya anjera na nyama kavu ya nyirinyiri, akamimina chai, na alipokwisha kumwona mama yake ameshiba ndipo akasema, "Nilimvuta," akiniambia mimi kwa sababu alimwogopa mama yake. "Nilimvuta mpaka kamba ikakatika. Wenzangu walikuwa wameshatangulia. Alisimama kwenye tope, anaangalia baharini."

"Kesho utamvuta tena," mama yake akasema. Bare akapanda nasi.

Witu: mti unaokamuliwa

Tukavuka mto, tukapita Garsen, na kwa kuwa nilihofia gurudumu moja lililokuwa likipoteza upepo, tulisimama Witu kutafuta fundi. Fundi alikuwa ameenda kusali Ijumaa na hakurudi mapema, maana baada ya sala alialikwa chakula. Simlaumu, na sisi tulikuwa na njaa.

Mwenye hoteli alituletea samaki wa kupaka. Eedo alirudi nyuma na kiti chake. Kwake samaki ni nyoka aliyekosa nchi kavu. Mama wa hoteli, mnene, mcheshi, hakukasirika. Alimletea mahamri na mbaazi za nazi. Eedo akaonja kwa ncha ya ulimi, akaonja tena, akamaliza sahani nzima. Kisha akamwita.

"Mama, hii chakula iko fizuri sana. Hii masiwa ya mnyama gani?"

"Si ya mnyama, mamangu. Ni tui. Linatoka kwa mnazi."

"Mnasi ni mti?"

"Mti, ndio."

Eedo alitafakari. "Nyinyi nakamua mti?"

Mama wa hoteli alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga, akamshika mkono, akampeleka nyuma kumwonyesha mbuzi ya kukunia. Sasa fikirini shangazi yangu, aambiwe kile kibao chenye chuma cha meno kinaitwa mbuzi na ndicho kinachotoa maziwa. Aliporudi alisema watu wa pwani ni wazuri lakini Mungu amewajaribu kwa uongo. Tulipoondoka mama yule alitufungia mahamri mengine kwa gazeti na hakutaka malipo yake. Mpaka leo namwombea dua.

Langoni

Hifadhi inaanzia nyuma ya vilima vya mchanga, na langoni tulipokewa na yule mwenye sauti kwenye simu. Jina lake Komora, Mpokomo wa hapohapo kwenye mto, mlinzi wa hifadhi, mrefu, kofia yake imepauka kwa chumvi. Alifurahi kutuona kama ndugu zake. "Alhamdulillahi," alisema, ingawa ni Mkristo, nadhani kwa heshima yetu. "Nimeajiriwa kulinda mikoko, na nimegeuka mchungaji wa ngamia. Wakubwa wangu wananiuliza kila wiki ngamia anakula nini, na mimi sina jibu zuri."

Kisha akafungua gunia, maana ndiyo kazi yake. Furaha ikamtoka usoni.

"Mama, hii ngozi ni ya nini?"

"Hiyo mtoto ya Barwaqo."

"Barwaqo ni nani?"

"Ngamia yangu. Iko habo ndani. Bicha yake natuma wewe mwenyewe."

Komora aliigeuza ile ngozi kwenye mwanga. Ilikuwa imechakaa, rangi ya udongo, manyoya mafupi. "Mimi naona rangi ya hirola," alisema polepole. Hirola ni yule swala adimu anayeishi upande wa Ijara na karibu hayupo kwingine duniani. Kumwua ni jela. "Mnatoka Ijara, mna ngozi ya namna hii ndani ya gunia, na mnataka kuingia hifadhini. Mngekuwa mimi mngefanyaje?"

Kusema kweli ningefanya alivyofanya. Aliichukua ngozi akaifungia stoo. Nilimweleza desturi yetu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia ninadanganya. Ngamia apewe ngozi ya maiti anuse, kisha atoe maziwa? Mtu aliyekulia kwenye mpunga na ndizi ataaminije?

"Tufanye hivi," Komora akasema mwishowe. "Tutaenda nayo kwa ngamia. Akiitambua, nitawaomba radhi. Asipoitambua, tutaongea mengine. Lakini leo haiwezekani, maji yamejaa."

Eedo hakuelewa maji yamejaa maana yake nini. Mto si huu hapa, unakwenda zake? Alikwenda ukingoni akasimama na fimbo yake. Nikamfuata. Tana, mto uleule tunaouvuka kwenye daraja la Garissa bila hata kuutazama, ulikuwa unarudi nyuma. Vijiti na povu vilikuwa vinapanda kuelekea tulikotoka, bahari inausukuma.

"Eedo," aliniita kwa sauti ndogo, "huu mto umeghairi."

Aliomba dua pale pale, muda mrefu. Nadhani aliona kama yeye na mto wote wawili wamefika mwisho na hawana pa kwenda. Usiku ule alilala kwenye mkeka mbele ya mlango wa stoo. Komora alimpelekea blanketi yake mwenyewe.

Mdomo wa mto

Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa. Tulitembea kwenye tope gumu, mizizi ya mikoko imesimama kila upande, kaa wakikimbia mbele ya viatu vyetu. Komora alibeba ngozi begani na dumu la maji mkononi. Nikamuuliza la nini.

"La ngamia. Huku maji yana chumvi, akiyanywa kila siku yatamdhuru. Namletea asubuhi."

Hapo nikaanza kumpenda yule mtu.

Tulimwona kwenye uwazi mmoja karibu na bahari, shingo ndefu juu ya mkoko wa aina ya mchu, anatafuna majani. Eedo alisimama. Akatoa mlio ule wa wakamuaji, wa chini kooni, ambao sijausikia tangu utotoni. Barwaqo akainua kichwa. Akaja, hatua kubwa za kivivu, na Eedo akamlaza mkono shingoni akaanza kulia waziwazi, na mimi pia, mniwie radhi.

Komora akamnyooshea ngozi. Barwaqo aliinusa. Akainusa tena, mbele na nyuma, midomo inatetemeka, kisha akatoa sauti ambayo hata mtu wa mpunga aliielewa. Komora aliivua kofia.

"Nisamehe, mama," alisema.

Lakini Eedo hakumsikia. Alikuwa anatazama nyuma ya ngamia. Kutoka kwenye mikoko alitoka ndama, miguu mirefu, tope mpaka tumboni. Akapita katikati yetu kama hatupo, akaingiza kichwa chini ya Barwaqo na kuanza kunyonya.

Bare alisema, "Huyu si wetu."

"Ni wa yule," Komora akajibu, akanyooshea kidole kwenye tope la mbali, ambapo mbavu nyeupe zilionekana. "Ngamia wa wafugaji wengine waliopita huku. Alizama, maji yakajaa. Hatukuweza kumtoa, na wenyewe walikuwa wameshatangulia. Huyu wako alisimama na mtoto wakati wengine wanaondoka. Nilidhani mnajua."

Bare alikaa kwenye tope. Siku ile alipovuta kamba mpaka ikakatika, alikuwa anamtenganisha Barwaqo na mtoto ambaye yeye hakumwona.

Komora alikuwa pia na picha ya yule aliyekufa, lakini hakuituma kwa watu, kwa sababu aliona si vizuri kutuma picha ya maiti. Eedo aliitazama chapa. Akampa Bare simu. Bare akaitazama, mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye kiwiko kilichopinda. Ilikuwa chapa ya Gedi.

Mimi ni mfanyabiashara, nikasema la kibiashara. "Tumchukue wetu twende. Ndama tumwache hapa, wenyewe watajijua."

"Atakufa kesho kutwa," Eedo alisema.

"Basi tumchukue na tunyamaze."

"Huo ni wizi." Alimpangusa ndama tope usoni kwa ncha ya buibui lake. "Huyu hajawahi kufika kwenye kile kisima, Eedo. Mpigie Gedi."

Sasa muelewe alichokuwa anakifanya. Gedi akija akamchukua ndama wake, na ni haki yake, Barwaqo angefiwa mara ya pili na maziwa yangekauka. Na ile ngozi Eedo hakutaka irudi tena, maana alisema harufu ya mtoto wa kwanza ikiendelea kumjia mama, anaweza kumkataa huyu aliye hai. Akamwomba Komora koleo. Tuliizika mchangani juu ya kilima, sisi wanne, kama mazishi ya kawaida. Kutoka hapo hakuwa tena na akiba ya kushushia maziwa.

Simu hushika mtandao juu ya kilima hichohicho. Nilipata namba ya Gedi kwa watu watatu. Nilipomaliza kueleza, aliniuliza mara mbili kama ndama yu hai.

"Mwambie Shamsa nakuja Ijara," akasema, na akakata.

Kabla hatujaondoka Eedo alimwacha ndama anyonye upande mmoja, akakamua upande mwingine kwenye sufuria ya Komora, povu likasimama. Wa kwanza kunywa alikuwa Komora mwenyewe. Alikunywa yote kwa adabu kubwa. Nilijaribu kumwonya kwamba tumbo geni halizoei maziwa ya ngamia, lakini alikuwa ameshamaliza. Tulipomuaga aliitikia kutoka chooni.

Ijara tena

Bare alirudi kwa miguu na wanyama, sisi tukatangulia kwa gari na kusubiri. Eedo hakula vizuri. Kila gari likipita alisimama.

Gedi alifika kwa pikapu siku ileile Bare alipoingia na ngamia. Ni mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Alitoa salamu, tukaitikia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu ugomvi. Hakuomba chai. Alimzunguka ndama, akamtazama Barwaqo kwa muda, kisha akarudi kwenye pikapu akatoa chuma cha kupigia chapa, akataka moto.

Nilijua basi tumeshindwa. Eedo alikoka moto mwenyewe. Alikuwa ameahidi haki na alikuwa anaitoa.

Chuma kilipoiva Gedi alimshika ndama, akamlaza, akakumbatia kichwa chake. Kisha akamwangalia Bare.

"Njoo wewe," alisema. "Mimi nashika. Weka ya mama yako."

Bare hakuelewa, au alielewa akaogopa. Gedi akamnyooshea chuma, kile cha ncha moja kinachochora chapa ya mtu yeyote, mpini mbele. "Ndama ni wa aliyemnyonyesha. Na mkono ule, mwanangu, najua nani aliuvunja, kwa sababu nilikuwepo na sikumzuia."

Bare alikichukua chuma kwa mkono wake wa kulia, ule uliopinda. Ilibidi apige goti na kuinamisha mwili mzima ili chapa ikae sawa. Ilikaa sawa. Ndama alipiga kelele, Gedi akamnong'oneza, na Eedo alisimama na buibui limemziba mdomo. Baadaye alikamua, na Gedi akanywa wa kwanza.

Eedo amebaki Ijara na mifugo yake, wawili sasa. Jana dereva mmoja aliniletea kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, ujumbe ukiwa ni kwamba mkono wake bado unafika mpaka Garissa. Nilikinywea ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Nitalisafisha, jamani, nimewasikia. Lakini si wiki hii.